Kura ya Kibanda Nambari Moja

Inspekta Simiyu alichuchumaa penye majivu, akachota mchanga wa chini ya nguzo iliyoungua, akaunusa. Akanusa tena. Mafuta ya taa yana harufu inayopanda puani moja kwa moja, na mtu aliyesoma shule yote kwa koroboi kule Bungoma hawezi kuisahau hata akitaka. Hii haikuwa harufu hiyo. Ilikuwa nzito, ya kitu kilichopikwa kikapikwa tena, na mchanga wenyewe ulinata vidoleni. Akautia kwenye kopo la kakao, akafunga kifuniko.

Nyuma yake soko la samaki la Kowade liliendelea na shughuli zake. Wanawake waliita wateja, waliparua magamba ya ngege, walichota barafu kwa mikono mitupu na kuwafukia nayo samaki wa mbuta. Hakuna aliyemsogelea. Alikuwa ameshazoea. Tangu ahamishiwe Kisumu mwezi wa Aprili mwaka ule wa tisini na moja, watu walinyamaza akifika na kuanza kuongea akiondoka, tena kwa Kijaluo, kwa hiyo hata akisimama katikati yao alikuwa mtu wa nje ya dirisha.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Usiku wa Alhamisi kibanda nambari moja kiliwaka moto. Ndani yake alikuwa amelala Obeid, mlinzi wa soko. Kwa kawaida Obeid alilala kibandani mwake getini, lakini usiku huo mvua ilimvujia, akaenda kujisitiri kwenye kibanda cha dada yake. Asubuhi walikuta mwili wake. Dada huyo, Zeituni, alikuwa hana mtu mwingine duniani.

Na soko zima lilikuwa na maelezo tayari: vijana wamemchomea mchawi. Ukiuliza vijana gani, kila mtu alitazama ziwani.

Uchawi wenyewe ulikuwa kura. Soko lilikuwa na vibanda kumi na viwili. Vinne vya kwanza vilikaa chini ya paa la depo ya barafu, kivulini, usoni mwa barabara. Vinane vilivyobaki vilikaa juani, vikielekea mtaroni, na samaki aliyelala huko mpaka saa nane mchana hununuliwa na mwenye paka tu. Ndiyo maana kila Januari na kila Julai wanawake walipiga kura. Vizibo vya soda, vilivyoandikwa nambari kwa rangi upande wa ndani, vilitiwa chunguni, na kila mmoja aliingiza mkono akatoa chake. Aliyepata nambari moja alikaa na chungu hadi kura inayofuata. Januari Zeituni alipata nambari moja. Julai akapata nambari moja tena.

"Mara mbili mfululizo, Inspekta!" Mwalimu Walter, katibu wa kamati, alimwambia wakiwa wamesimama mlangoni mwa depo. Alikuwa amefundisha hesabu shule za upili mpaka akastaafu, na bado alishika kalamu kama chaki. "Mimi si mtu wa ushirikina. Mimi ni mtu wa hesabu. Nafasi ya kupata moja ni moja katika kumi na mbili. Kupata tena, zidisha. Moja katika mia moja arobaini na nne. Hiyo si bahati, bwana. Hapo kuna mkono."

"Na wewe uliwaambia wanawake hesabu hiyo?"

"Niliisoma mkutanoni. Waliuliza."

"Lini?"

"Wiki moja kabla ya moto." Akachomeka kalamu mfukoni. "Sikuwaambia wachome mtu."

"Hapana. Uliwapa namba tu." Simiyu hakuinua sauti. "Na sasa?"

"Jumatatu tunarudia kura. Zeituni hatakuwamo. Kamati imekubaliana." Mwalimu alitazama viatu vyake. "Wanawake wanamwogopa. Hakuna anayetaka kukaa jirani naye."

Mzee Dishon, mwenyekiti wa kamati na mwenye depo, alitoka ndani akijipangusa mikono kwa gunia. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye shati la maua.

"Inspekta! Umeshika hao vijana?"

"Nimewakaribia, mzee," Simiyu alisema. Ulikuwa uongo, lakini alitaka usambae.

"Shika hao, bwana. Wanaharibia sisi jina. Hii soko ni ya amani."

*

Zeituni alikaa mtaa wa Kaloleni, chumba kimoja chenye pazia la kijani katikati. Alimkaribisha Simiyu kwa Kiswahili kilichonyooka, Kiswahili cha nyumbani, akamwekea kiti na chai ya tangawizi. Mkeka ulikuwa umetandikwa sakafuni kwa ajili ya watu wa kutoa pole. Ulikuwa safi kabisa.

"Wa msikitini walikuja kuzika," alisema alipoona anautazama. "Mungu awalipe. Wa sokoni hakuja hata mmoja. Miaka yote hiyo tumeuza pamoja, Inspekta. Mtoto wa Dorca alipolazwa, mimi ndiye niliyempelekea uji."

Simiyu aliinua kikombe. Yeye mwenyewe hakukumbuka mara ya mwisho kuwekewa chai na mtu ambaye hakulipwa kuiweka. Akanywa polepole ili isiishe upesi.

"Obeid aligombana na mtu?"

"Obeid? Alikuwa mtu wa mzaha tu. Hata siku mbili kabla ya..." Akanyoosha pembe ya mkeka, akaendelea. "Aliingia hapa, akaniambia, 'Dada, kura ijayo usiingize mkono chunguni kabla ya kuupasha moto.' Nikamwambia, wewe, mimi ni mkate? Akacheka. Akasema kuna neno anataka kumuuliza mwenyekiti kwanza, halafu ataniambia vizuri."

"Alimuuliza?"

"Sijui. Hakuniambia."

"Na chungu? Kiliungua?"

Zeituni aliinuka, akapita nyuma ya pazia, akarudi na chungu cheusi kilichofungwa kitambaa. "Kibanda kilikuwa hakifungiki vizuri. Nilikileta nyumbani. Hakuna aliyejua ila Obeid, maana yeye ndiye huwa anakibeba kumpelekea mwenyekiti usiku wa kuamkia kura, na kukirudisha asubuhi. Ndiyo desturi. Analala nacho mwenyekiti ili asije mtu akatia dawa."

Simiyu alimwaga vizibo mezani, akavigeuza kimoja kimoja. Kumi na viwili, vya soda ya aina moja, vya umri mmoja. Vya nambari moja hadi nne vilikuwa vimeshika kutu pembeni, kutu nyekundu inayoacha alama kidoleni. Vya tano hadi kumi na mbili viling'aa. Alivipanga, akavitazama, akavirudisha chunguni. Vitu vinavyoshikwa sana huchakaa, alijiambia, na vizibo vya vibanda vizuri huenda vilishikwashikwa kuliko vingine. Hayo ndiyo makosa ya mtu mwenye haraka ya kuondoka kabla machozi ya mwenye nyumba hayajaanza.

Mlangoni Zeituni alimuuliza, "Wakinitoa sokoni Jumatatu, niende wapi? Najua kuuza samaki. Sijui kingine."

"Kesho, Jumapili jioni, mpelekee Mzee Dishon chungu, kama desturi," Simiyu alisema. "Na Jumatatu uje."

*

Alasiri alirudi Kowade, akapita kibanda hadi kibanda. Hakuuliza habari za moto. Aliuliza swali moja tu: tangu soko lifunguliwe, wewe umekaa vibanda gani?

Hilo walilijibu. Mwanamke anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mumewe, lakini hasahau mahali samaki wake walipoozea. Kura zilikuwa zimepigwa mara sita, tangu Januari ya themanini na tisa.

"Mimi ni tisa," alisema Dorca, mama mzee mwenye kofia ya wavuvi, bila kuacha kuparua. "Nilikuwa tano, halafu kumi, halafu tisa, tisa, halafu nane, sasa tisa tena. Jua inanipenda."

"Tisa mara mbili mfululizo?"

"Eeh."

"Hakuna aliyekuita mchawi?"

Dorca alicheka mpaka kisu kikasimama. "Mchawi gani anajiroga apate jua?" Kisha akakumbuka anaongea na nani, na kicheko kikaisha.

Simiyu alimpa mkono kuaga. Mkono wa Dorca ulikuwa baridi na mgumu. Mikono yote aliyoishika alasiri ile ilikuwa hivyo, mikono ya watu wanaoishi na barafu.

Wote isipokuwa mmoja. Lornah, waliyemwita Nyar Muhoroni, yaani binti wa Muhoroni, kwa kuwa alitoka kule kwenye mashamba ya miwa, hakuuza samaki wabichi. Alikaanga. Alikaa kibanda nambari mbili, nyuma ya jiko na karai kubwa, na mkono wake ulipomshika Inspekta ulikuwa na joto la mkate uliotoka tanuri.

"Vibanda? Aah, mimi nimezunguka," alisema akigeuza vipande. "Tatu, moja, nne, mbili, tatu, saa hii mbili. Sijawahi rudia kama yule mama. Yule ako na kitu. Kwani mtu anaeza pata moja, tena moja, na iwe tu hivyo?"

"Mzee Dishon ni nani kwako?"

"Ni shemeji. Bwana yangu ni ndugu yake mdogo. Kwa nini?"

"Ninauliza tu, mama. Kazi yangu ni kuuliza."

Alinunua kipande cha mbuta ili apate sababu ya kusimama. Mafuta ndani ya karai yalikuwa meupe, unaona mpaka chini.

"Mafuta mapya," alisema.

"Nilibadilisha."

"Lini?"

Lornah aligeuza kipande ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. "Juzi. Ya zamani ilikuwa imekuwa nyeusi, nikamwaga."

"Ulimwaga wapi?"

"Mtaroni. Kwani hiyo ni kesi?"

Simiyu alisema si kesi. Alipotoka alipita mtaroni, akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yalikuwa na magamba, matumbo ya samaki na karatasi, lakini mafuta hayakuwapo.

*

Jumapili alasiri Migosi, mtaani kwa Simiyu, kulijaa sauti za watu wengine. Nyumba ya kulia walikuwa na wageni wa kanisani. Ya kushoto walikuwa wanapiga kelele za mpira redioni. Simiyu alikuwa na chumba, kitanda, meza na ubao wa drafti alioununua Aprili akidhani atapata mtu wa kucheza naye. Hakupata. Polisi hashindwi kupata kiti baa, ila kiti cha jirani hubaki kitupu. Kwa hiyo alicheza peke yake kwa vizibo vya soda, vilivyolala chali dhidi ya vilivyolala kifudifudi, na alikuwa amefika mahali pa kujiibia mwenyewe. Upweke huo ulimuuma, na alikuwa ameacha kujifanya haumuumi.

Leo alichukua vizibo hivyo, akaviandika nambari. Kabla ya kuingia polisi alikuwa amefundisha hesabu miaka miwili kama mwalimu asiyesomea, na kidato cha tatu kilimfundisha jambo moja: ukishindwa na hesabu kubwa, anza na ndogo.

Akaanza na wanawake watatu, vibanda vitatu. Wa kwanza anaweza kukaa mahali patatu, wa pili pawili palipobaki, wa tatu hana la kuchagua. Tatu mara mbili mara moja, njia sita. Akaziandika zote. Katika njia ngapi hakuna hata mmoja anayerudi alipokuwa? Mbili tu. Katika nne kati ya sita, angalau mmoja anarudi kibanda chake cha zamani.

Wanawake wanne: njia ishirini na nne. Hii ilimmalizia chai. Katika tisa hakuna anayerudi, katika kumi na tano yuko anayerudi.

Wanawake kumi na wawili walikuwa na njia nyingi mno za kuandika, milioni mia kadhaa. Akatia vizibo kwenye sufuria, akatikisa, akavitoa kimoja kimoja na kuvipanga, akaangalia kama kuna kilichoangukia nambari ya nafasi yake. Alifanya hivyo mara thelathini, huku upande wa pili wa ukuta watu wakishangilia bao. Mara kumi na tisa, kilikuwapo angalau kimoja.

Karibu theluthi mbili! Mtu kurudi kibanda chake halikuwa ajabu. Ajabu ingekuwa kura sita zipigwe na asirudi yeyote. Dorca alirudi tisa, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu tisa iko juani. Zeituni alirudi moja, wakamwona. Na ile mia moja arobaini na nne ya Mwalimu Walter? Mara ya kwanza lazima mtu fulani apate nambari moja. Haiwezi kubaki chunguni. Kilichobaki ni nafasi ya mtu huyo kuipata tena, nayo ni moja katika kumi na mbili. Bahati ya kawaida tu, ya kufurahia kwa soda moja.

Basi nani alikuwa na bahati isiyo ya kawaida?

Simiyu alitazama majibu aliyoyaweka kichwani. Tatu, moja, nne, mbili, tatu, mbili. Hakuna nambari iliyojirudia mfululizo hata mara moja. Zinapendeza macho, zinaonekana kama bahati inavyodhaniwa kuwa. Lakini zote ni za kivulini. Nafasi ya kupata kivuli ni nne katika kumi na mbili, yaani theluthi. Theluthi mara theluthi, mara sita. Akazidisha tatu kwa tatu mpaka akafika mia saba ishirini na tisa.

Hakutaka kumfanyia Lornah yale Mwalimu aliyomfanyia Zeituni. Mwanamke yeyote kati ya kumi na wawili angeweza kuwa mwenye bahati hiyo, kwa hiyo akaipa hesabu haki yake, akagawanya kwa kumi na mbili. Bado ilikuwa moja katika sitini hivi. Si ushahidi wa mahakamani. Lakini inatosha mtu kuuliza: kama si bahati, ni nini?

Aliuangalia mkono wake uliokuwa umeshika kizibo. Kizibo kilikuwa na joto la mkono.

Usiingize mkono chunguni kabla ya kuupasha moto.

Alisimama ghafla mpaka ubao wa drafti ukaanguka. Kutu! Vizibo vinne tu vilikuwa na kutu, vile vya kivulini, kwa kuwa vinne tu vililala kwenye maji. Maji ya barafu, usiku wa kuamkia kila kura, ndani ya depo. Asubuhi vinarudishwa chunguni vikiwa baridi, na wanawake kumi na mmoja wenye vidole vilivyokufa ganzi kwa kazi wanaingiza mikono bila kuhisi lolote. Mmoja ana mkono wa moto. Kwake yeye, vizibo vinne vinapiga kelele. Obeid, mbeba chungu, alikuwa amehisi. Akaenda kumuuliza mwenyekiti kwanza, kwa heshima.

Nyumba ya kulia wageni walikuwa wanaaga. Simiyu alitamani sana kumwambia mtu. Akaokota vizibo sakafuni, akavipanga upya mezani, akaviambia.

*

Jumatatu asubuhi alimpitia Mwalimu Walter nyumbani kwake, akamwonyesha zile njia sita za wanawake watatu. Mwalimu alizisoma mara mbili. Kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, hakuhitaji za wanne.

"Nilijibu swali ambalo halikuwa lenyewe," alisema hatimaye. Uso ulikuwa umemshuka. "Na yule mlinzi akafa."

"Uliwapa watu sababu ya kuangalia upande mwingine. Moto uliwashwa na mtu aliyefurahi kuipata." Simiyu alimfungulia mlango. "Njoo unishuhudie."

Waliingia depo kabla ya kura, pamoja na Konstebo Wakhisi. Mzee Dishon alikuwa ameshakifunga chungu kitambaa. Simiyu alikifungua, akamwambia Mwalimu aingize mkono. Mwalimu aliuingiza, akakoroga, akasimama. Akatoa kizibo kimoja, halafu cha pili, cha tatu, cha nne. Vilikuwa vimetoka jasho la maji. Akavigeuza akasoma nambari zake: moja hadi nne, zote za kivulini.

"Wanawake wanaweka barafu kila mahali..." Dishon alianza.

"Mzee, kaa," Simiyu alisema. "Utakaa karibu nami, na hutasema neno mpaka kura iishe."

Alivifuta vile vinne, akavishika viganjani mpaka vikapata joto. Kisha akachukua kizibo nambari kumi na mbili, cha kibanda cha mwisho kabisa, pale mtaro unapomwaga uchafu wake ziwani, akakitumbukiza kwenye sanduku la barafu. Wakasubiri. Dishon alikitazama kizibo hicho kama mtu anayetazama gari likimjia. Kilipopoa vya kutosha, Simiyu alivirudisha vyote chunguni.

Nje, wanawake walikuwa wamejipanga. Zeituni alisimama mbali, peke yake, karibu na majivu ya kibanda chake. Mwalimu Walter alitangaza kwamba Zeituni pia atapiga kura, na manung'uniko yakazuka, akayakata kwa sauti ya darasani.

Wakaanza. Kila mwanamke aliyeingiza mkono aliutoa mara moja, akasoma nambari, akageuka kutazama kibanda alichopata. Dorca alipata tatu, akatazama kivuli, akapiga kigelegele. Wa pili akatazama jua akasonya. Wa tatu, wa nne, wote hivyohivyo: mkono, nambari, macho kwenye kibanda.

Lornah alikuwa wa tano. Mkono wake ulikawia chunguni. Ulizunguka, ukatulia. Alitoa kizibo akitabasamu, akakigeuza.

Hakutazama kibanda. Alimtazama Dishon.

"Shemeji," alisema, "si ulisema..."

Akafunga mdomo, lakini soko zima lilikuwa limesikia. Dishon aliinamisha kichwa. Simiyu aliinuka akamwendea, akachukua kizibo kiganjani mwake. Bado kilikuwa baridi.

"Kumi na mbili," alisema. "Alisema nini, mama? Kwamba chenye baridi kiko kivulini?"

"Mimi sijui baridi yoyote."

"Obeid alijua. Alikuja kumuuliza Mzee Dishon, na Mzee akakuambia. Wewe ukadhani chungu kiko kibandani kwa Zeituni, ukataka vizibo vyenye kutu viteketee. Mafuta yako ya zamani hayakumwagwa mtaroni, nimeutembea wote. Ninayo kwenye kopo la kakao, yamechanganyika na mchanga wa chini ya nguzo."

Lornah alitazama huku na huku. Wanawake aliouza nao miaka yote walikuwa wamerudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, na nafasi tupu ikabaki kumzunguka. Zeituni aliijua nafasi hiyo vizuri.

"Nilitaka tu kuchoma chungu," Lornah alisema. "Mtu hulala getini! Kila siku hulala getini! Mimi nilijua aje kuna mvua itampeleka huko? Watoto wangu wanakula kwa hiyo karai, Inspekta. Kwenye jua hakuna mtu ananunua."

Dishon alikuwa bado ameinamisha kichwa. Wakhisi aliwachukua wote wawili, na lori la polisi likakata kona.

Mwalimu Walter alijikohoza. "Kura irudiwe," alisema. "Vizibo vyote vianikwe juani kwanza. Na mimi nina neno la kumwambia Mama Zeituni mbele yenu." Akalisema, akigugumia, mwalimu mzima. Wanawake walisikiliza wakitazama miguu yao. Zeituni aliitikia kwa kichwa tu.

Zamu yake ilipofika hakwenda moja kwa moja kwenye chungu. Alipita kwanza kwenye jiko la Lornah, ambalo makaa yake yalikuwa bado hai, akainyoosha mikono juu yake, akaisugua, akainyoosha tena. Hakuna aliyemharakisha. Simiyu peke yake ndiye aliyejua anamtii nani.

Akaingiza mkono, akatoa, akasoma.

"Nane," alisema.

Nane ilikuwa juani, katikati. Dorca, aliyekuwa ametoa tisa tena mara hii, akavuta kapu lake kando.

"Tutakuwa majirani," alisema. "Njoo, nikupe nafasi ya maji. Na... pole ya ndugu yako, nyar wa, binti yetu."

Mwingine akaja nyuma yake, akamshika Zeituni mkono. Halafu mwingine. Simiyu alisimama pembeni na kofia mkononi mpaka walipotawanyika, akamwendea kuaga. Alitegemea kumkuta na furaha kidogo.

Zeituni alikuwa anapangusa meza ya kibanda nambari nane, jua likimpiga usoni.

"Ndugu yangu amekufa, hawakuja," alisema bila kumtazama. "Nimepata nane, wamekuja."